Pisini ya Hoteli Tarasi

Buyenzi, Bujumbura
14 Aprili 2002

Yaya Domitille,

Nakusalimu sana, dada yangu mkubwa, mimi na Annie na watoto. Huku tunapumua tu. Délice ana kikohozi cha vumbi, mchele umepanda bei tena, na milimani wanapigana kama kawaida yao, lakini nyumba yetu haijaguswa. Na weye? Goti lako? Bella anasoma, au walimu bado wamegoma? Na mama mkwe wako Apollinarie, kule Nyakabere, bado anakaripia mpaka kuku? Huyu Generose anayekuletea barua mpe maji ya kunywa, maana pale Kavimvira kwenye bariyeri ya mpakani wanamsumbua sana.

Sasa kaa chini, yaya. Tarasi inafufuka!

Sifanyi mchezo. Patron wangu, Herménégilde, amepata karatasi ya hoteli toka kwa hao wanaotawala kwenu sasa, miaka thelathini. Yote: vyumba thelathini na viwili, balkoni, bustani, mpaka lile lango lililoanguka. Anataka paa jipya, maji, jenereta, na sale, ukumbi mkubwa wa harusi unaotazama ziwa. Mahali pa sale mchoraji bado anatafuta. Na shefu wa shantie, msimamizi wa ujenzi wote, ni nani? Ni kitinda mimba uliyembeba mgongoni, yule uliyesema atachunga mbuzi kwa sababu kichwa chake ni kikubwa na ndani hamna kitu.

Nililia, sioni aibu kukuambia. Nilimkumbuka baba alivyokuwa anatupeleka Jumapili baada ya misa, tukasimama nje ya lango kutazama ile ngazi ya mviringo. Mwaka wa hamsini na saba alilaza mbao ndani ya mto Mulongwe siku tatu mpaka zikakubali kupinda, ndipo akaunga kofraje, kalibu ya ngazi, ndipo wakamimina beto ya simenti ndani yake. Mzungu aliyechora hoteli alipitisha kiganja juu ya kazi ile akasema hajaona hivyo hata kwao. Na siku ya kufungua, Déogratias baba yetu hakuruhusiwa kuipanda! Ukaja uhuru. Wakaja waasi wa sitini na nne, wakalala vitandani na viatu. Halafu yule tajiri aliyepewa hoteli bure wakati wa Zaire akauza mabafu, nyaya, mpaka vioo, akaondoka. Mbuzi wakazalia chumba namba tano.

Ni Thaddée wako tu aliyekuwa anafagia pale, mlinzi, sentineli asiye na mshahara. Laiti angekuwepo. Tangu walipombeba kwenye lori ile Agosti ya tisini na nane, haipiti siku bila kumtaja kwenye sala. Shemeji yangu alikuwa mtu.

Tutaanza Novemba, mvua ikituruhusu. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Nizigama


Tarasi, Uvira
2 Mei 2002

Niziga mudogo wangu,

Jambo kwako na kwa Annie, na huyo Délice mumuchemshie majani ya mukaratusi, muache dawa za duka. Minye niko. Goti linaniambia mvua kabla ya mawingu. Bella anasoma, walimu tunawalipa sisi wazazi na maharagwe. Mama Apollinarie iko muzima, na mudomo wake muzima zaidi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, sikukusikia, na kidogo nianguke. Furaha yako naiona, na minye pia nilimukumbuka baba. Lakini sikufurahi, Niziga, unisamehe. Nitakuambia kitu, na ukiisha kusoma, choma hii karatasi.

Thaddée hawakumubeba kwenye lori. Nilikudanganya. Nilidanganya kila muntu isipokuwa mama yake. Iko humu humu Tarasi, chini ya udongo, yeye na wanaume watano wa Rugenge. Ile Agosti askari walifanya kambi humu. Waliwaita wale wanaume kuwabebea maji toka muto. Walipomaliza kubeba, wakaambiwa ni wapelelezi. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi, jua kali, watu wanapita barabarani nje ya ukuta, hawaoni ndani. Komanda akaniita. Akasema hapana musalaba, hapana jiwe, hapana kilio, na muntu atakayelia atalilia chini pamoja nao. Minye na wanawake wawili tuliwafukia. Wale wawili walikimbilia Kigoma na hawajarudi. Sasa ni minye peke yangu najua mahali, na mama niliyemuambia kwa sikio.

Unaona ju ya nini sikuhama? Watu wanasema Domitille ameruka akili, anafagia hoteli ya mizimu. Waseme. Minye nalinda bwana yangu.

Na kilio sijakimaliza. Unajua kwetu: muntu hajawekwa mahali pake, hamuwezi kuganduka, hamuwezi kuondoa matanga. Miaka minne sijakanyaga kwenye harusi ya muntu. Mama Apollinarie haombi tena afya, haombi chakula. Anaomba tu mifupa ya mutoto wake ilale Nyakabere, karibu ya baba yake, kabla yeye hajafa. Kila nikimuona ananiuliza, lini?

Basi sikia. Weye ndiye shefu. Isimiminwe beto hata karai moja humu Tarasi kabla hatujawatoa. Mahali sitaandika. Karatasi inaanguka, inaokotwa, na patron wako akijua mahali iko maiti, atawahi kumimina hapo hapo ili hoteli yake isipate jina baya. Ukifika nitakuonyesha minye mwenyewe.

Mengine ni ya kila siku. Wakimbizi wa milimani wamejaa vyumba vya chini, familia kumi na moja, wanapikia kwenye balkoni. Pisini, lile bwawa la kuogelea la Wazungu, niliijaza udongo zamani, nalima matembele ndani, yanawalisha. Minye siyali, tumbo langu linakataa.

Niambie ndiyo ao hapana. Usinizungushe.

Yaya wako,
Domitille


Buyenzi, Bujumbura
19 Mei 2002

Yaya yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Pole. Pole ya miaka minne yote mara moja. Sisi wazima, Délice amepona na majani yako.

Barua nimeichoma. Annie aliona macho yangu, nikamwambia ni moshi. Nilikaa na kumfikiria Thaddée na ndoo ya maji, na weye na jembe, na mimi huku nakuandikia habari za kikohozi. Ungeniambia. Najua usingeweza, lakini ungeniambia.

Jibu ni ndiyo. Kwa jina la baba yetu, hapatamiminwa kitu kabla hatujawatoa wote sita. Nitakuja na watu wawili ninaowaamini, tutafanya kazi hiyo kwanza, asubuhi na mapema, kwa heshima. Patron atadhani tunapima udongo. Mwambie mama Apollinarie asiende popote, asubiri, mtoto wake anakuja.

Mdogo wako,
Nizigama


Tarasi, Uvira
29 Septemba 2002

Niziga,

Salamu mingi. Muko wazima? Sisi wazima. Goti siliongelei tena, limekuwa muzee kuliko minye.

Tumejiandaa. Nilikwenda kwa wale wajane watano mumoja mumoja, nikawaambia tu: Novemba, muwe na mukeka. Hakuna aliyeuliza wa nini. Mama Apollinarie wa kwake ameusuka mwenyewe, na vidole vile vilivyopinda. Alianza Julai. Akikosea mustari mumoja anafumua wote, Bella anacheka, mama anamurushia kiatu. Ni mara ya kwanza nasikia kicheko katika nyumba ile.

Wiki ijayo nakwenda Nyakabere na Bella kumuchukua. Nataka akae hapa Tarasi kwenye chumba changu siku tutakapofungua udongo, asihadithiwe. Watu wanasema wapiganaji wa Mai-Mai watateremka, na wengine watapanda, mambo ya kila mwaka. Lakini kama barabara ya bonde inafungwa na ninachelewa, unanisikia? Ngoja. Hata kama ni mwezi, ungoje.

Minye naogopa kufurahi, lakini nimefurahi kidogo.

Yaya wako,
Domitille


Tarasi, Uvira
8 Desemba 2002

Yaya Domitille,

Salamu, popote mlipo. Generose amesema akipata nafasi kwa wauza muhogo wa baiskeli atafika Nyakabere. Naomba barua ikukute mzima, na mama, na Bella. Tuliposikia bunduki za Oktoba toka Bujumbura, Annie alizima redio kwa sababu nilikuwa siachi kutembea.

Nilifika tarehe kumi Novemba kwa njia ya ziwa, na watu kumi na wanane na mifuko mia tano ya simenti. Chumba chako kilikuwa na kufuli. Wakimbizi wakasema ulikwenda bondeni siku chache kabla ya vita, na barabara ikafungwa nyuma yako. Nikasema tutangoja, kama ulivyoniagiza.

Na nilingoja, yaya. Siku kumi na nane. Niliwapa watu kazi ya paa, kazi ya kukwangua masizi, kazi ya kuhamisha mawe toka hapa kwenda pale. Mvua haikukatika. Simenti ikaanza kushika unyevu, nikafungua mfuko mmoja nikakuta jiwe. Patron akaja mwenyewe. Akanipa siku tatu: nianze kumimina, au alete shefu mwingine. Na huyo mwingine angemimina bila kumtafuta mtu yeyote. Weye ungefanya nini?

Basi tukatafuta, mimi na wale wawili. Tulichimba nyuma ya jikoni. Tulichimba chini ya ngazi ya baba, na kwenye garaji, na chini ya miparachichi, mita mbili kila shimo. Tulipata mifupa ya mbwa na chupa za bia za Wabelgiji. Kila mahali palipokuwa patupu, pasipoota kitu, tulichimba, maana nilijua usingekubali ardhi hiyo ilimwe. Wakimbizi niliwauliza kwa kuzunguka, hakuna anayejua.

Sale ya harusi mchoraji ameiweka juu ya pisini. Pale sikuwa na wasiwasi. Ni shamba lako, matuta yamenyooka, watoto wanachuma mboga kila asubuhi, na kwetu nani aliwahi kulima juu ya mtu? Hata kichaa hafanyi hivyo. Niliwaambia wenzangu, hapa tuko salama. Tukang'oa matembele tukawagawia akina mama, tukaikata plongeoir, ule ubao waliokuwa wanarukia Wazungu majini, tukashindilia udongo, tukafunga fere, vyuma vya ndani ya beto. Jumatano tulianza saa kumi na mbili asubuhi na hatukupumzika mpaka dale yote, sakafu nzima ya beto, ilipojaa. Kesho yake niliimwagia maji mwenyewe ili isipasuke. Sijawahi kumimina nzuri kama ile, na nguzo sasa zimesimama juu yake.

Nadhani komanda yule aliwatoa baadaye bila weye kujua, akawatupa ziwani. Nisamehe kuandika hivyo. Ukirudi tutamwombea misa, na kama unajua mahali pengine, mahali bado papo, hoteli ni kubwa.

Mdogo wako,
Nizigama


Nyakabere
27 Desemba 2002

Nizigama,

Mama muzima. Bella muzima. Minye muzima. Salamu zimekwisha hapo.

Generose alifika jana na matope mpaka kiunoni. Bella alisoma barua kwa sauti, mama anasikiliza, minye nachambua maharagwe. Alipofika kwenye pisini, mama akanitazama. Mutoto akaendelea kusoma, hajui kitu, anasoma vizuri, anasema fere, anasema dale, na minye siwezi kumunyamazisha. Mama akasema, "Rudia hapo." Bella akarudia.

Iko chini ya matembele, Niziga. Wote sita. Umewashindilia.

Ulifikiri sawa muntu wa kwetu. Ndiyo, na minye nilitaka kila muntu wa kwetu afikiri vile vile! Udongo ulikuwa mubichi ndani ya ile pisini tupu, komanda hataki alama, mbwa wameanza kufukua. Nikajiuliza kitu gani kitawafunika hawa watu, kisishukiwe na muntu? Nikapanda matembele. Nilijua ni mwiko. Nilijua hakuna Mufuliiru, hakuna Murundi wa bonde, atakayetazama shamba linaliwa akafikiri kaburi. Siku ya kwanza nilitapika kwenye matuta. Halafu wakimbizi wakaja, watoto wana njaa, wakachuma bila kuuliza, na minye nikanyamaza. Miaka minne nimenyamaza nikiwaona wanakula. Hiyo ni zambi yangu na Mungu, nitaibeba. Nilificha vizuri mpaka nikamuficha kwa ndugu yangu mwenyewe.

Lakini nilikuambia ngoja! Niliandika. Hata kama ni mwezi! Simenti ikiharibika inanunuliwa ingine. Ungefukuzwa kazi, ungerudi Bujumbura, ungelima muhogo, na bwana yangu angekuwa mahali ninapoweza kufika na jembe. Unaniuliza ningefanya nini? Ningengoja. Ndiyo kazi minye nimefanya miaka hii yote.

Mama hajala toka jana. Mukeka ameukunja ameuweka chini ya kitanda, na hakunifokea. Angenifokea ningepumua.

Sitaki pole, sitaki misa. Vunja ile dale. Uliijenga weye, uivunje weye.

Domitille


Buyenzi, Bujumbura
30 Januari 2003

Yaya yangu,

Sijui kama bado nina haki ya kukuuliza afya. Nauliza. Na mama, anakula?

Barua yako ilinikuta Tarasi, nimesimama juu ya dale hiyo hiyo, tunapiga karo, vigae vya sakafuni. Niliisoma, nikawaambia watu waende kula. Nikachukua nyundo ya kilo tano, nikaanza kupiga, mchana, mbele ya watu wote. Nilipiga saa nzima na zaidi. Unajua kilichotoka? Tundu la kuingia sahani, basi. Niliifunga fere ya milimita kumi na mbili mara mbili, chini na juu, kwa sababu nilitaka isimame miaka mia. Ngozi ya viganja ilitoka yote. Wale wawili walikuja kunisaidia, nikawakataza, nilitaka niumie peke yangu. Upumbavu. Tungekuwa watatu labda tungefika.

Patron akaja. Nilimwambia kweli, yaya, yote. Nilimtajia wale watu sita. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Akasema, "Juu ya dale hii kuna nguzo nane, na juu ya nguzo kuna ghorofa. Ukiitoboa, sale yote inakaa chini." Nilijua ni kweli, nilipiga hesabu hiyo mwenyewe. Halafu akauliza, taratibu sana, "Na nani mwingine anajua?" Nikaogopa swali lile kuliko kufokewa. Nikasema hakuna. Nikasema mjane mwenyewe alikwisha kufa vitani. Nisamehe kukuua, yaya, sikuona njia nyingine.

Askari wawili wakanipeleka mpaka Kavimvira, wakaandika jina langu kwenye daftari la bariyeri. Nikivuka tena, wamesema, nitajua. Tundu wameliziba.

Niko nyumbani. Annie hanisemeshi sana. Nikiona mtu anachanganya simenti barabarani, nageuza njia. Niambie kitu cha kufanya. Kitu chochote, hata kama ni kikubwa, nitakifanya. Sina kingine cha kukupa, na siwezi kukaa hivi.

Mdogo wako,
Nizigama


Rugenge, Uvira
17 Agosti 2003

Nizigama,

Barua zako za Machi, za Mei na za Juni zote zilifika. Sikujibu ju sikuwa na neno ambalo lingefaa kuandikwa kwenye karatasi nzuri.

Bella muzima. Minye niko Rugenge sasa, nyuma ya shule, kwa Generose. Tarasi walitutoa wote siku moja, na fimbo, minye na wakimbizi, wakidhani minye pia ni mukimbizi tu. Chumba changu cha sentineli wameweka jenereta. Walifungua mwezi wa Juni, na magari, na bendi toka Bukavu. Ngazi ya baba wameipaka rangi ya maziwa, watu wanapigiwa picha pale, bibi-harusi na shela lake linateremka kila ngazi. Imebaki nzuri. Nakuambia ju najua utataka kujua.

Mama Apollinarie anakwisha. Anakula kijiko kimoja, anasema inatosha. Wiki iliyopita nilikwenda kumuona, akaniambia, "Kama hatoki, nipeleke minye alipo." Watu wa Nyakabere walimubeba kwenye baiskeli mpaka Uvira, amekaa nyuma amefungwa na kitenge, anawakaripia njia yote. Nilifurahi kusikia anakaripia.

Tulikwenda Jumanne muchana, siku ambayo hakuna sherehe. Kijana wa kuhudumia meza ni mutoto wa mumoja wa wale wajane. Alitufungulia mulango wa upande wa ziwa akageuka, akajifanya hatuoni. Niziga, ile sale ni kubwa. Ndani ni nyeupe yote, karo zinang'aa, viti vimefunikwa nguo. Mama alivua viatu. Akashika mukono wangu akauliza, "Ni wapi?"

Na minye sikujua.

Minye niliyemuweka na mikono yangu. Wa mwisho, upande wa kina, chini ya plongeoir, kichwa kikitazama bonde. Miaka minne ningeweza kupaonyesha nikiwa nimefunga macho. Nilitafuta plongeoir, hakuna. Nilitafuta ukuta wa pisini, hakuna, sale imeumeza na kupita. Nikatazama dirishani ili nipime na ziwa, lakini wameinua sakafu, na ziwa halikai tena mahali nilipolizoea. Nilizunguka pale sawa muntu aliyepoteza sindano. Mama anangoja, anashika kiti. Nikaona ataanguka. Basi nikaonyesha. Nilionyesha tu, Niziga, mahali popote, karibu ya nguzo. Nikasema ni hapa, mama.

Akakaa chini. Akatandika ule mukeka, akalala juu yake kwa ubavu, sikio chini, akaanza kuongea naye Kirundi. Alimuambia habari za ng'ombe, za shamba la baba yake, nani amezaa, nani amekufa. Alimukaripia ju ya kukubali kubeba maji ya wale watu. Alicheka hata. Saa nzima. Minye nimesimama, najua anaongea na beto tupu.

Alipoamka akaniambia, "Amenisikia." Ameomba nimurudishe Jumanne ijayo, na ingine, mpaka siku yake ifike. Yule kijana amekubali. Mama anataka tufanye kuganduka pale pale, kimya kimya, sisi na wajane, bila ngoma. Siwezi kuwaita wanawake watano mbele ya mahali nilipodanganya. Nimemudanganya kila muntu katika hii vita, na mama nilikuwa sijamudanganya.

Uliniomba kitu cha kufanya. Weye ulipima sale, na weye ulikata plongeoir. Unayo ile kaye yako, daftari la vipimo, hujawahi kutupa hata moja toka shule. Fungua. Kutoka ule mulango wa upande wa ziwa mpaka mahali palipokuwa na muguu wa plongeoir, ni mita ngapi, na ni mukono gani?

Sijakusamehe. Nilidhani nitakapoandika nitaona nimeanza, lakini bado. Usiniombe musamaha tena, usiniulize goti, usinisalimie. Niandikie kipimo, mama hana siku mingi.

Yaya wako,
Domitille


Buyenzi, Bujumbura
20 Agosti 2003

Ingia mlango wa upande wa ziwa, upe mgongo. Mita kumi na moja na sentimita arobaini, moja kwa moja. Halafu mita mbili na sentimita kumi, mkono wa kushoto.

Mdogo wako